Waliokaa Karibu na Mlango

Butembo, Jumapili, 10 Septemba 2000

Séphora mwanangu, nisamehe. Tangu Jumatatu ya Pasaka sijaandika humu hata mstari mmoja. Ulipoondoka kwenda Kinshasa ulinipa daftari hili, ukasema barua zikikatika niandike humu, nawe utasoma yote siku barabara zitakapofunguka. Barua zilikatika, nami nikanyamaza miezi mitano. Sababu ninayo, ila si nzuri: niliona haya, mtu wa miaka sitini na saba, kuzungumza na karatasi. Leo nina jambo la kusema, kwa hiyo haya nimeiweka kando.

Wazazi wa parokia, hapa mtaani Bulengera, wameniomba nifundishe watu wazima Kiingereza, Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa. Njia ya kwenu imefungwa na vita. Biashara yote sasa inaelekea Uganda, na huko Kifaransa hakinunui hata chumvi. Wanafunzi ni ishirini na wanne. Kamati ya wazazi imepata nafasi moja, moja tu, katika kituo cha kufundishia walimu huko Kasese: miezi tisa kuanzia Januari, chakula na malazi vimelipwa. Atakayekwenda atarudi kufungua darasa Beni, katika mtaa wa Beu, na kazi hiyo itakuwa yake. Jina nitalitoa mimi mwanzoni mwa Desemba.

Nimewapanga kwa haki. Wenye diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, wanakaa mbele. Waliofika nusu ya sekondari wanakaa katikati. Waliokomea shule ya msingi wanakaa nyuma, karibu na mlango. Ni mzee Syauswa peke yake, mfanyabiashara wa vitambaa, niliyemkalisha mbele kwa ajili ya umri wake.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua. Tulisoma wakati uliopo.

Jumanne, 19 Septemba

Ésaïe anakwenda vizuri. Ana miaka ishirini na mitatu, alisoma Kilatini kwa mapadre, anasimama wima na kujibu kwa sentensi kamili. Ukimsikia unajua kwamba lugha ina mifupa. Sitashangaa jina lake likiwa ndilo nitakaloliandika Desemba.

Nyuma kuna mwanamke aitwaye Kavira. Ni mjane wa Muyisa, mtoto wa mzee Syauswa, aliyeuawa mwaka jana katika barabara ya Beni. Ananunua utomvu wa mapapai kwa wakulima wa Beni na kuwauzia wageni. Nilimwita aseme jina la kazi yake tu. Alisimama, akatazama viatu vyake, hakutoa neno. Nilingoja muda ambao mtu angeweza kusali Baba Yetu nzima.

“Mama, Kiingereza yako iko bado mu gunia?” Ésaïe akasema, na darasa likacheka.

Nilimnyamazisha Ésaïe, nikamwambia Kavira akae. Katika daftari la maksi niliandika: mzito.

(Maneno ya watu nitayaandika kama wanavyoyasema, ingawa kalamu inataka kuyasahihisha.)

Alhamisi, 21 Septemba

Risasi upande wa kaskazini tangu saa sita. Hakuna aliyekuja, ila Kavira, aliyekuta mlango umefungwa na kuacha zoezi lake la nyumbani chini ya jiwe.

Alhamisi, 28 Septemba

Marie-Jeanne, mwalimu kijana wa shule ya msingi, anakaa pembeni ili kujifunza namna ninavyofundisha. Leo alibaki baada ya somo.

“Maître, umeona daftari ya Kavira? Makosa ni mbili tu.”

“Kuna mtu anayemwandikia,” nikasema.

“Nani?”

Sikuwa na jina la kumpa. Nilisema kwamba mtu asiyeweza kutamka kazi yake hawezi kuandika ukurasa bila makosa. Ni jambo la mantiki. Marie-Jeanne akasema, “Bien, Maître,” yaani haya, Mwalimu, kwa sauti ambayo wewe uliitumia ulipokuwa na miaka kumi na minne.

Jumanne, 10 Oktoba

Nilitoa jaribio la kuandika bila kuwaonya, nikasimama nyuma ya Kavira tangu mwanzo hadi mwisho. Aliandika mwenyewe. Nilisahihisha hadi chakula kikapoa. Nimempa kumi na nne juu ya ishirini, kwa kuwa mwandiko wake umelala upande na kwa kuwa anatumia maneno ya mpakani, yale ya madereva na wachuuzi wa Kasindi. Ésaïe kumi na saba.

Jumanne, 17 Oktoba

Nina hasira, nami naandika kwa hasira.

Mwezi uliopita nilimwagiza Marie-Jeanne aandike kila swali ninalouliza darasani, ili aone jinsi maswali yanavyopandishwa ngazi kutoka rahisi hadi magumu. Leo aliniletea karatasi zake. Maswali ameyaandika, ndiyo. Lakini kando ya kila swali ameandika jina la niliyemwuliza, na muda niliomngoja kwa saa yake ya mkononi.

Ésaïe: mara thelathini na nane. Safu nzima ya mlangoni, watu wanane: mara kumi na moja. Kavira: mara tatu.

Ésaïe akikwama, ninangoja hadi sekunde ishirini, tena ninamsaidia kwa kumtikisia kichwa. Kavira nilimngoja sekunde nne. Hata siku ile ya tarehe kumi na tisa Septemba, ambayo humu nimeandika Baba Yetu nzima, zilikuwa sekunde nne. Tulisali Baba Yetu mara ngapi pamoja, Séphora? Haisaliki kwa sekunde nne.

Nilimwambia saa yake ni mbovu.

“Inaweza kuwa mubovu, Maître,” akajibu. “Lakini kama ni mubovu, iko mubovu kwa bote.”

Jumatano, 18 Oktoba

Nililitoa tena jaribio la Kavira. Nikafunika jina kwa kidole, nikalisoma kama la mtu nisiyemjua. Halafu nikafanya vivyo hivyo kwa la Ésaïe. Ésaïe naye ana mwandiko uliolala. Kwake sikupunguza.

Jumamosi, 28 Oktoba, Beni

Nitaandika kwa urefu.

Jana nilipanda lori kuja kukagua chumba cha Beu ambacho darasa jipya litakitumia. Kilomita hamsini na nne zilituchukua siku nzima, kwa matope na vizuizi vya wanajeshi. Chumba ni kizuri, kina madirisha mawili. Leo asubuhi nilikwenda Mavivi, uwanja wa ndege, kwa kuwa kamati ilinipa barua ya kumkabidhi rubani wa ndege ndogo inayovuka kwenda Uganda.

Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu tangu Butembo. Ilikuwa na heshima zote, na vishazi tegemezi viwili mahali pake. Rubani, Mganda mnene mwenye kofia ya mvua, alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akageuka na kumwuliza mwanamke aliyeketi juu ya ndoo za utomvu: mzee anasema nini? Nilikielewa Kiingereza chake. Ni yeye asiyekielewa changu.

Yule mwanamke alikuwa Kavira. Alimjibu kwa maneno sita. Rubani akaipokea barua, akanipa mkono.

Kisha mvua ikafunga milima, ndege ikazuiwa, nasi sote tukajibanza chini ya bati la ghala. Walikuwamo wanawake watatu wa upande wa Oicha wenye utomvu wao. Nilidhani Kavira atasinzia kama wengine. Badala yake alichukua jiwe la mizani akamwekea mkononi mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Bénite, akamfundisha kumwambia mnunuzi kwa Kiingereza: pima tena, mbele ya macho yangu.

Mwanangu, nimefundisha miaka arobaini na miwili. Nilikuwa naona kazi yangu ikifanywa na mtu mwingine, tena vizuri kuliko mimi. Hakuanza na kanuni. Alianza na mizani inayowaibia. Alimpa kila mmoja zamu, na aliyekuwa mnyonge zaidi alimpa zamu ya kwanza, ili asisikie kwanza wengine wakifaulu. Bénite alikwama katikati, na wenzake wakataka kummalizia.

“Mumuache!” Kavira akasema. “Neno yake iko njiani. Imekuta matope, njo inasukumwa.”

Wakacheka wote, Bénite akacheka zaidi yao, na katika kicheko hicho neno likafika. Kavira hakumsifu kwa kelele. Alilichukua lile jiwe, akajifanya mnunuzi mwenye hila, akasema kwa Kiingereza kwamba hapimi tena, mizani imechoka. Bénite akasimama, mikono kiunoni, akamjibu sentensi nzima mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, hadi askari wa mlangoni akaja kuuliza nani anagombana.

Ndege ilipokwisha kuondoka nilimwendea.

“Kavira, kwangu darasani hujasema hata neno. Kwa nini?”

Alitazama chini kama kawaida, lakini nilimwona anazuia kicheko.

“Papa Mwalimu, unaniuliza vile sawa vile we hauko Munande. Baba-mukwe wangu iko anaikala pale mbele. We njo ulimukalisha. Nitapandisha sauti namna gani mbele yake? Na kule kwangu ku mulango, kusudi usikie ni lazima nipige makelele!”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia na kinywa gani, Papa? Ile ile yenye uliandika asema ni nzito?”

Alikuwa ameliona neno langu siku niliyoacha daftari la maksi wazi juu ya meza.

Nikamkumbuka mama yako, Mungu amrehemu. Miaka sita alikaa katika ua wa baba yangu bila kupaza sauti mbele yake. Akitaka kuniita alimtuma mtoto. Baba akipita, alijitenga kando ya njia, akainamisha macho. Ukoo mzima ulimsifu, nami nilijivuna: nimeoa mwanamke aliyelelewa. Heshima ile ile, katika chumba changu cha darasa, nimeiita uzito wa akili. Mzungu aliyekuja juzi angesamehewa kosa hilo. Mimi ni Mnande, nilizaliwa ndani ya desturi hii, nikaisahau mara tu nilipoishika chaki.

Jumanne, 31 Oktoba

Nimevunja safu. Tunakaa wannewanne kuzunguka madaftari. Kundi la Kavira liko na Marie-Jeanne katika chumba cha mavazi ya padre, ukuta kati yake na mkwewe. Majina nimeyaandika kwenye vipande vya karatasi, na anayetoka ndiye anayejibu. Marie-Jeanne amenikopesha saa yake, ile mbovu. Hakuna aliyeulizwa nitakayemwacha kabla ya sekunde kumi.

Ni mateso. Mara nne mkono wangu ulitaka kutupa kipande na kumwita Ésaïe. Lakini leo nimejifunza kwamba Sadrack, mfyatua matofali wa safu ya mlangoni, ambaye sikumbuki kuwahi kumwuliza kitu, anaweza kueleza kwa Kiingereza jinsi tanuru linavyopangwa, tangu udongo hadi moto. Alitaka sekunde tisa tu za kuanza.

Jumapili, 5 Novemba

Baada ya misa nilikwenda kwa mzee Syauswa. Nilimweleza yote niliyoyaona Mavivi. Alinitazama kama mtu anayesikia kwamba mbuzi wake anasoma gazeti.

“Kavira? Huyu wa kwangu? Miye nilizani haelewe hata kitu! Ku nyumba iko bubu, kule kwako iko bubu. Nilikuwa nasema mu roho: maskini, feza ya daftari naitupa.”

“Nami nilidhani vivyo hivyo.”

“Donc sisi ni bazee babili, na masikio ine, na hakuna yenye inasikia.” Akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akasema kwa sauti nyingine: “Ananiheshimia mingi, huyu mutoto. Mwanangu amekufa, angeweza kuacha.”

Katika ukoo wa Syauswa, baba mkwe akitaka mkamwana azungumze mbele yake, humpa kitambaa na kuku mbele ya jamaa. Kwa kawaida hufanywa baada ya mtoto wa tatu. Kavira anao wawili. Mzee alisema atafanya Jumapili ijayo, na anayetaka kuhesabu watoto ahesabu wake.

Jumanne, 14 Novemba

Kavira alikuja na kitenge kipya. Kipande chenye jina lake kilitoka cha tatu. Wote walikuwa chumba kimoja leo, na mzee Syauswa alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alisimama. Niliangalia saa: kumi, kumi na tano, ishirini. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilifikiri kitambaa na kuku havikutosha.

Kisha akazungumza. Alieleza jinsi papai linavyochanjwa asubuhi kabla ya jua, jinsi utomvu unavyokusanywa, na jinsi mwanamke anavyojua kwa kidole kama umekauka. Sauti ilianza kama ya mgonjwa ikaishia kama ile ya Mavivi. Alifanya makosa manne. Niliyasikia yote manne, wala sikumkatiza.

Mzee Syauswa alikuwa amevua kofia yake na kuishika juu ya magoti. “Wasingya,” akamwambia kwa Kinande, asante, na mkamwana wake akakaa haraka, akajificha uso kwa ncha ya kitenge. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 24 Novemba

Jana ulikuwa mtihani wa nafasi ya Kasese. Niliiandikia kamati kwamba mimi sifai kuwa mwamuzi peke yangu, nikaambatanisha karatasi za Marie-Jeanne, pamoja na zile sekunde nne. Mwenyekiti alidhani naumwa.

Tulifanya hivi: karatasi za kuandika zilikuwa na namba badala ya majina, na zilinakiliwa na mkono mmoja ili mwandiko usinidanganye. Kisha kila mmoja wa wanne wa kwanza alifundisha robo saa, mbele ya watu wa soko wasiojua Kiingereza kabisa, na waamuzi walikuwa watatu. Katika kuandika, Kavira kumi na nane, Ésaïe kumi na saba na nusu. Katika kufundisha hakuna aliyemkaribia Kavira.

Nilimwogopa Ésaïe leo asubuhi alipobisha hodi. Tangu Septemba nimemwahidi nafasi ile bila kusema neno, kwa kumwita mara thelathini na nane. Alisimama wima kama siku zote.

“Maître, nimekuja kusema kitu moja. Miye ninajua Kiingereza. Yeye anajua kufundisha. Ile siku nilimucheka na maneno ya gunia, nimeenda kumuomba pardon.”

“Alikujibu nini?”

“Asema: pardon nimekubali, mais mu Kiingereza. Akanirudilisha mara tatu.”

Séphora, nilimpenda kijana huyu kwa sababu ya Kilatini chake. Hilo kumbe ndilo dogo kuliko yote aliyo nayo.

Jumapili, 3 Desemba

Kamati imemchagua Kavira, na Ésaïe ni wa akiba. Jina lazima livuke mpaka kabla ya Jumamosi. Lakini Kavira hatakwenda bila neno la mzee Syauswa, na neno hilo halijatoka.

Nilikwenda kwake leo. Kavira alikuwa jikoni, mlango wazi. Mtoto mdogo, mwenye miaka minne, alikuwa amelala juu ya miguu ya babu yake.

“Mwalimu,” mzee akasema, “barabara hii ilikula mwanangu. Sasa unataka nitume na muke yake. Na kama anabakia kule? Kama anaolewa kule? Nitaambia batoto nini?”

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na sentensi tayari, yenye heshima zote. Sikuisema, kwa kuwa aliyestahili kuulizwa alikuwa jikoni.

“Mwulize mwenyewe,” nikasema.

Alinikazia macho. Katika nyumba ile jambo la namna hiyo halikuwahi kuulizwa namna hiyo. Mwishowe akaita jina lake, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto. Kavira akaja, akapiga magoti mlangoni, na mikono yake ilikuwa na unga.

“Unataka kwenda?”

“Nataka, Baba.” Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika. “Nataka kwenda, na nataka kurudia. Batoto babili bako huku, kaburi ya Muyisa iko huku. Kule Kasese niko na nini? Mais kama unasema hapana, nitabakia, na sitakukasirikia. Nitaendelea na ndoo zangu.”

Mzee akasema atakwenda Lubero kesho, kuzungumza na ndugu zake wawili, na atarudi Alhamisi kama barabara itamruhusu. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nilipokuwa naondoka alikuwa anamfunika mjukuu kwa koti lake.

Kalamu yangu inataka sana kukuandikia kwamba atakubali. Tayari naliona darasa la Beu, madirisha yake mawili, na Kavira akiwa mbele ya ubao. Lakini msimu huu nimeandika mambo mengi juu ya watu kabla wao wenyewe hawajasema. Neno hili ni la mzee Syauswa. Nitalifunga daftari hadi alitoe, na siku atakapolitoa nitakuandikia kama lilivyotoka kinywani mwake, bila kulisahihisha.